Uzi: Kubadilisha tairi na tyubu ya pikipiki nyumbani bila kuitoboa tyubu mpya

SpanaKumiNaSaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Naweka uzi huu kwa wenye pikipiki wanaotaka kubadilisha tairi na tyubu wenyewe nyumbani. Nitaeleza gurudumu la nyuma la pikipiki za injini ya cc 100 hadi 150 zenye breki za dramu: Boxer, TVS HLX na zile za Kichina za muundo wa CG125. La mbele tutalifikia chini.

Kabla ya kushika spana, liwekeni hili kichwani. Tyubu mpya nyingi zinazoisha upepo ndani ya siku mbili hazikutoka dukani zikiwa mbovu. Zimetobolewa siku ileile ya kufungwa, na chuma cha kufungia, kwa sababu mtu ametumia nguvu mahali ambapo tairi lilitakiwa kuingia kwa mkono. Ukiona unaning'inia kwenye chuma, simama. Kuna kitu hakijakaa sawa upande wa pili.

Vifaa: vyuma viwili au vitatu vya kutolea tairi vyenye ncha butu ya duara, urefu wa sentimita 25 hadi 30. Bisibisi iache kwenye boksi, ncha yake kwa tyubu ni kisu. Spana za nati ya ekseli, yaani chuma kinachopita katikati ya gurudumu (pima kabla, nyingi ni 17, 19 au 22), plaizi ya kutoa kota pini (kile kipini kinachokunjwa ili nati isifunguke), kile kifunguo kidogo cha sindano ya valvu, pampu, kipimo cha upepo, maji ya sabuni kwenye kopo na brashi, poda ya watoto kidogo, na tairi kuukuu la gari la kulazia gurudumu ili habu (kitovu cha gurudumu) isisage sakafu.

Saizi soma ubavuni mwa tairi lililopo. Pikipiki nyingi za Kihindi ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Za muundo wa CG125 mara nyingi ni 2.75-18 mbele, na nyuma 3.00-18 au 90/90-18. Namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na hiyo haina mjadala. Namba inayofuata, mfano 41 kwenye 41P au 50 kwenye 50P, inaonyesha uzito ambao tairi linaruhusiwa kubeba: 41 ni kilo 145, 50 ni kilo 190. Anayebeba abiria au magunia asinunue namba ndogo kuliko ile iliyokuja na pikipiki. Tazama pia namba nne za tarehe: 2323 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2023.

Kutoa gurudumu. Dabo stendi, sakafu ngumu. Legeza nati ya ekseli kabla ya kitu kingine. Fungua nati ya fimbo ya breki, chomoa fimbo, kisha rudishia springi na pini yake kwenye fimbo hapohapo zisipotee. Toa kota pini na nati ya ule mkono unaozuia sahani ya breki isizunguke. Chomoa ekseli taratibu na upige picha kwa simu kuonyesha bushi ipi ilikaa upande gani. Kuna pikipiki ambazo gia ya nyuma inabaki mahali pake na cheni, wewe unavuta gurudumu tu kutoka kwenye raba zake. Nyingine gia inatoka na gurudumu: hapo legeza vikaza cheni, sukuma gurudumu mbele, vua cheni. Gurudumu likigoma kwenye madigadi, mwombe mtu ainamishe pikipiki upande. Koki ya mafuta iwe imefungwa.

Kutoa tairi. Toa sindano ya valvu upepo uishe wote, fungua nati ya valvu, sukuma valvu ndani. Kandamiza tairi pande zote mbili mpaka mdomo wake (ile kingo ngumu yenye waya ndani) ubanduke kwenye rimu mzunguko mzima. Paka maji ya sabuni.

Sasa ndiyo penyewe. Waya wa mdomo wa tairi hauvutiki. Ukingo wa rimu ni mkubwa kuliko mdomo huo, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida tairi lisingetoka kamwe. Linatoka kwa sababu katikati ya rimu kuna bonde. Upande mmoja wa mdomo ukitumbukia bondeni, upande wa pili unapata nafasi ya kuvuka ukingo. Basi anza na chuma karibu na valvu, na upande wa pili, mkabala na valvu, piga magoti juu ya tairi mdomo ushuke bondeni. Ingiza chuma cha kwanza, kiinue, kifunge kwa mguu. Cha pili sentimita tano pembeni. Ukiwa umefanya sawa, kufikia cha tatu utasikia mdomo unalegea ghafla na chuma kinateleza chenyewe mkononi. Hapo umemaliza, uliobaki unatoka kwa vidole. Chomoa tyubu, kisha toa mdomo wa pili kwa upande uleule.

Kabla ya kufunga. Pitisha kitambaa ndani ya tairi kama unalirudisha lilelile. Kitambaa kinanasa mwiba ambao kidole hakiuoni, na hakikukati. Kagua ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku. Ukipasuka au ukiwa umekauka, badilisha. Spoku iliyotokeza kichwa ndani isagwe kwa tupa. Kutu ipigwe msasa.

Kufunga. Tazama mshale ubavuni, unaonyesha gurudumu linakozungukia pikipiki ikienda mbele. Kama tairi lina nukta ya rangi, ikae kwenye valvu. Paka sabuni, sukuma mdomo wa kwanza kwa mikono na goti. Kwa saizi hizi mara nyingi chuma hakihitajiki. Paka tyubu poda, ijaze upepo kiasi cha kupata umbo la duara tu, isitanuke. Iingize kuanzia valvu, funga nati ya valvu nyuzi mbili tatu, isikaze.

Mdomo wa pili unaanzia mkabala na valvu na kuishia kwenye valvu. Sababu: pale kwenye valvu tyubu imejaza bonde, mdomo hauwezi kushuka. Ukimalizia sehemu nyingine, pale penye valvu patakuwa pamekunyima nafasi na utaishia kupigana. Piga magoti mkabala na valvu, sogea pande zote mbili sawasawa kwa viganja. Zikibaki sentimita 20 hivi, tumia chuma kwa vipande vidogo, ncha isizame zaidi ya inavyohitajika kushika mdomo. Kila unapoinua, chungulia kama tyubu haijakaa katikati ya chuma na rimu.

Mwisho, sukuma valvu ndani kisha ivute nje, tyubu isiwe chini ya mdomo. Zungusha gurudumu ukifunua ukingo kwa vidole pande zote mbili. Ukiona weusi unaong'aa wa tyubu umechungulia, usijaze upepo, rudisha kwanza.

Jaza upepo mpaka kipimo kisome psi 10, dundisha gurudumu sakafuni mzunguko mzima, toa upepo wote, kisha jaza tena. Kujaza mara mbili kunakunjua mikunjo ya tyubu.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

---

DadaWaMajohe

Asante mkuu, umefafanua vizuri. Swali: tairi lililokaa miaka kwenye rimu halibanduki kwa kulikanyaga. Mtu mwenye uzito mdogo afanyeje asiyekuwa na mashine?

KaratasiYaMsasa

Dada, njia ziko tatu na hakuna inayohitaji misuli. Ya kwanza ni jeki ya gari: laza gurudumu chini ya sehemu nzito ya gari, jeki ikae juu ya ubavu wa tairi karibu kabisa na rimu, kichwa chake kisukume gari. Ukiongeza mizunguko michache mdomo unabanduka kwa mlio. Ya pili ni klampu kubwa ya fundi seremala, unabana pande zote mbili kwa pamoja, unahama sentimita kumi kumi. Ya tatu ni stendi ya pembeni ya pikipiki nyingine: gurudumu lilale chini, mguu wa stendi ukanyage mpira karibu na rimu, mwenzako aiegemeze pikipiki taratibu.

Kwa zote, maji ya sabuni yatangulie dakika kumi na upepo uwe umetoka wote, sindano imetolewa kabisa. Watu wanabonyeza sindano kwa msumari wakidhani inatosha, kumbe ndani kuna upepo uliobaki unaoshikilia mdomo. Na jeki isiguse rimu, hasa ya aloi. Inapasuka.

Nduthi254

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Huku wengi hupaka oili chafu badala ya sabuni, tairi linaingia upesi. Kuna ubaya?

SpanaKumiNaSaba

Ndugu yangu, upo ubaya, na ni mkubwa. Oili inakula mpira, huo ni mmoja. Wa pili ndio hatari zaidi: oili haikauki. Sabuni ikikauka mdomo unashika rimu. Oili ikibaki, tairi linateleza juu ya rimu kila unapofunga breki au kuvuta mafuta, na tyubu inakwenda nalo wakati valvu imefungwa kwenye tundu. Ndiyo zile tyubu zinazokatika kwenye shina la valvu. Grisi na dizeli ni hivyohivyo. Sabuni ya kuoshea vyombo iliyochanganywa na maji inatosha. Baadaye futa rimu, isibaki na unyevu wa sabuni ikaleta kutu.

Dalili ya tairi linaloteleza unaiona kwa macho. Valvu iliyokuwa imesimama wima inaanza kulala upande. Ukiiona imeinama, usipande. Toa upepo, rudisha tairi mahali pake, ujaze upya. Kwa sababu hiyo pia nati ya valvu isikazwe mpaka kwenye rimu. Irudishe juu mpaka kwenye kifuniko, ili valvu ikivutwa iiname uione, badala ya kukatika kimyakimya ndani.

Spoku36

Nyongeza kuhusu kusoma tyubu iliyokufa, kwa sababu watu wengi wanafunga tyubu mpya bila kujua ya zamani imeuawa na nini, halafu mpya inakufa kwa ugonjwa uleule.

Kabla hujatoa tyubu, chora alama ya chaki ubavuni mwa tairi pale penye valvu. Ukishaitoa, ijaze upepo, tafuta tundu kwa maji, kisha ilaze juu ya tairi valvu ikitazamana na chaki. Tundu la tyubu litakuonyesha mwiba uko wapi kwenye tairi. Jaribu kwa pande zote mbili kama umesahau upande upi ulikuwa juu.

Tundu moja upande wa nje, unaogusa barabara: msumari, mwiba, waya. Mara nyingi bado umo kwenye tairi.

Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu: spoku au ukanda wa rimu. Hapo kuziba bila kurekebisha rimu ni kazi bure.

Matundu mawili yaliyo sambamba, kama jino la nyoka, yameachana kiasi cha upana wa rimu: umeingia shimoni upepo ukiwa mdogo, rimu imeibana tyubu chini. Ongeza upepo, na kagua rimu kama haijapinda.

Vijichaniko viwili vidogo vilivyokaribiana sana, upande wa ubavuni, karibu na valvu: huyo ni chuma cha kufungia. Utaviona vina umbo la ncha ya chuma kabisa. Vikikaa karibu na valvu ujue vilifanyika mwishoni mwa kufunga, pale mtu alipokazana.

Mpasuko mrefu kufuata mshono: tyubu imeendeshwa bila upepo, au imekunjwa. Mkunjo huja pale mtu anapoweka tyubu ya 18 kwenye rimu ya 17, au anaporudisha tyubu ya zamani iliyokwisha tanuka ndani ya tairi jipya. Mkunjo unajisugua, unapata moto, unapasuka. Ndiyo maana tairi jipya linataka tyubu mpya.

KijanaWaKatoro

Mkuu Spoku36, hapo kwenye tyubu: madukani zipo za bei mbili tatu kwa saizi moja. Tofauti ni nini hasa? Na je, pikipiki za rimu za aloi, tukitoa tyubu tukaweka tairi la tyubulesi (lisilotumia tyubu), inakubali?

Spoku36

Mpira wenyewe ndio tofauti. Tafuta iliyoandikwa butyl. Mpira huo unashika upepo muda mrefu zaidi kuliko mpira wa asili, hutaongeza upepo kila baada ya siku chache. Kisha pitisha vidole kwenye mzunguko mzima: unene uwe sawa, pasiwe na sehemu nyembamba kama puto. Vuta shina la valvu kwa upole. Pale lilipoungana na mpira pasifunguke. Tyubu iliyoandikwa 2.75/3.00-17 inakaa kwenye saizi zote mbili, hiyo si kosa la kiwanda.

Rimu za aloi: angalia maandishi kwenye rimu na kwenye tairi. TT ni ya tyubu, TL ni tyubulesi. Aloi haimaanishi tyubulesi. Rimu ya tyubulesi ina kinundu kinachozuia mdomo usirudi bondeni upepo ukipungua. Rimu ya TT haina, kwa hiyo ukipata pancha ukiwa mwendoni tairi linaweza kubanduka mara moja. Rimu ya spoku ndiyo kabisa, upepo unatokea kwenye matundu ya spoku. Kinyume chake kinakubali: tairi la TL kwenye rimu ya tyubu, ukiweka tyubu ndani, saizi ikiwa sawa. Mdomo wake ni mgumu zaidi, utahitaji subira wakati wa kufunga.

KaratasiYaMsasa

Gurudumu la mbele sasa, maana lina hatari moja ambayo la nyuma linaionyesha wazi zaidi.

Kulitoa ni rahisi: legeza kebo ya breki, chomoa kebo ya mita ya spidi, toa ekseli, gurudumu linashuka. Weka tofali au kreti chini ya injini pua isianguke. Kazi ya tairi ni ileile.

Wakati wa kurudisha, sahani ya breki ina mfereji ambao lazima uingie kwenye jino lililoko kwenye shoku. Jino hilo ndilo linalozuia sahani isizunguke unapokamata breki. Likikaa nje ya mfereji, ekseli itaingia, nati itakaza, gurudumu litazunguka vizuri kabisa ukiwa umesimama. Breki ya kwanza ya nguvu, sahani inazunguka na gurudumu, kebo inajisokota, tairi la mbele linafunga. Tazama kwa macho, kisha shika sahani kwa mkono ujaribu kuizungusha. Isisogee.

Kifaa cha mita ya spidi nacho kina ndimi mbili ndani zinazoingia kwenye habu. Zungusha gurudumu polepole mpaka kikae chenyewe. Ukikaza ekseli hakijakaa, ndimi zinapinda na mita inakufa.

DadaWaMajohe

Upepo sasa wakuu. Kila mtu na namba yake, wengine wanajaza kwa kubonyeza kidole.

SpanaKumiNaSaba

Kidole hakipimi, dada. Tairi la psi 18 na la psi 30 kwa kidole gumba yanafanana. Kwa pikipiki hizi ndogo, anzia hapa: mbele 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, nyuma 32 ukiwa na abiria. Kama kuna stika kwenye swingiamu (ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma) au kava la cheni, fuata stika. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Likishatembea namba inapanda yenyewe, usiipunguze.

Wakati wa kukalisha mdomo wa tairi jipya unaweza kupanda mpaka 40 kwa muda, mradi hujavuka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Ubavuni, karibu na rimu, kuna mstari mwembamba wa duara. Umbali wake na rimu uwe sawa mzunguko mzima. Mahali mstari umezama, mdomo haujapanda: toa upepo, paka sabuni pale, jaza tena. Usipandishe psi kwa matumaini, na vidole visikae kati ya tairi na rimu. Ukimaliza shusha mpaka kiwango cha kupanda.

KijanaWaKatoro

Hapo nimepata, mkuu. Pikipiki ikicheza nyuma baada ya kubadilisha tairi, ndio huo mstari?

Spoku36

Mara nyingi ndio, kama inarukaruka juu na chini kwa mwendo mdogo. Ikiwa inavuta upande mmoja, tazama vikaza cheni: alama za kushoto na kulia kwenye swingiamu lazima zilingane, la sivyo gurudumu limekaa mshazari. Ikiwa inayumba mkia, shika tairi juu na chini ulitikise; likicheza kwa mlio ni beringi au bushi iliyosahaulika mezani.

Cheni ilegee milimita 20 hadi 30 katikati, upande wa chini, ukiipima sehemu inapokaza zaidi huku ukizungusha gurudumu. Weka sawa vikaza kwanza, halafu kaza nati ya ekseli, halafu upime tena, maana kukaza ekseli kunaihamisha cheni kidogo. Kota pini mpya kwenye mkono wa breki. Ya zamani iliyokunjwa mara mbili inakatika.

KaratasiYaMsasa

Na kabla ya kufunga kifuniko cha valvu, weka tone la maji ya sabuni juu ya sindano. Povu likivimba taratibu, sindano haijakaza au ina mchanga. Itoe, ipulize, irudishe kwa kifunguo, ikaze kwa vidole viwili tu.

Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani. Kilomita 100 za kwanza usilalie kona wala kukamata breki ghafla, hasa kwenye lami yenye maji. Kesho yake asubuhi pima upepo: likishuka psi 1 au 2 ongeza na uendelee. Likishuka 10, rudi kwenye yale maelezo ya kusoma tyubu, na uanzie karibu na valvu.